Hans Cory na Sheria za Wazee

Enzi za watemi, wazee wa Msalato na vijiji vingine vya Ugogo waliamua mashauri ya ng'ombe wa mahari pasipo kufungua kitabu, kwani sheria ilikaa vifuani mwao. Warumi wa kale walikuwa vivyo hivyo. Mabwana wakubwa ndio waliojua sheria, hata makabwela wakadai iandikwe, na yapata mwaka 450 kabla ya Kristo ikachorwa katika mbao kumi na mbili. Kwetu Bara aliyeshika kalamu alikuwa mgeni.

Hans Cory alizaliwa Vienna mwaka 1888, jina lake la awali likiwa Koritschoner. Alifika nchini zama za Wajerumani, na baadaye Serikali ya Waingereza ikamwajiri kuwa mchunguzi wa mila. Mwaka 1945, akishirikiana na Hartnoll, alitoa kitabu cha sheria za Wahaya. Cha Wasukuma kikafuata mwaka 1953. Aliandika pia mswada juu ya sheria za Wagogo. Aliwakusanya wazee barazani, akawahoji jambo moja baada ya jingine, na walipohitilafiana aliwaacha wajadiliane mpaka wapatane. Ilikuwa kazi ya subira kubwa.

Lakini wazee hao walikuwa wanaume. Mila iliyosemwa chini ya mti huweza kulegezwa na wazee wenyewe pale mjane anapolia. Iliyokwisha pigwa chapa hushikwa na hakimu ambaye hakumwona mjane huyo kabla ya siku ya kesi. Baada ya Uhuru Cory alikabidhiwa kazi ya kuziunganisha sheria za mila, akafariki mwaka 1962. Tangazo la Serikali likatoka mwaka 1963. (Ndugu zetu wa Visiwani, waliokwisha zoea kadhi na vitabu vyake, halikuwahusu.) Kwa kanuni hizo, mtoto wa kike huja nyuma ya ndugu zake wa kiume katika urithi, hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo, na mjane mwenye watoto hana fungu, hutegemea kutunzwa nao.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kumkataza mwanamke wa Kihaya kuuza shamba alilorithi ni kinyume cha Katiba. Hata hivyo, mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ilikuwa ingali ikisikiliza malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania walionyimwa urithi kwa kanuni zile zile za 1963, na ikawapa haki.