Joseph Lister: Daktari Aliyepigana na Usaha

Ndugu msomaji, je, umewahi kuona kidonda kilichooza? Harufu yake ni mbaya, na mgonjwa hushikwa na homa kali. Zamani mtu aliyepasuliwa hospitali alikuwa na hofu mbili. Hofu ya kwanza ilikuwa kisu cha daktari. Hofu ya pili, tena kubwa zaidi, ilikuwa kidonda kuoza baadaye. Sasa soma habari za mtu aliyeipunguza hofu hiyo.

Joseph Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1827, karibu na London, Uingereza. Baba yake aliuza mvinyo, lakini pia alipenda sana hadubini. Hadubini ni chombo cha kuonea vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho tu. Hivyo Lister alikizoea chombo hicho tangu utotoni.

Alisomea udaktari London, akamaliza mwaka 1852. Kisha alikwenda Edinburgh, Skotlandi, kufanya kazi na daktari hodari, James Syme. Mwaka 1856 alimwoa Agnes, binti wa daktari huyo. Agnes alimsaidia mumewe kwa kuandika habari za kazi yake.

Mwaka 1860 Lister akawa profesa wa upasuaji mjini Glasgow. Wakati huo nusukaputi ilikwisha patikana, kwa hiyo mgonjwa hakusikia maumivu alipopasuliwa. Hata hivyo wengi walikufa baadaye, maana vidonda vilioza. Madaktari walidhani kuwa hewa mbaya ndiyo iliyoleta shida hiyo. Wengi hawakunawa mikono kabla ya kupasua. Walivaa makoti yaliyoganda damu ya wagonjwa wengine.

Mwaka 1865 Lister alipata habari za mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur. Huyo alionyesha kuwa vijidudu ndivyo vinavyofanya maziwa na mvinyo vichache. Lister akafikiri kuwa huenda vijidudu ndivyo vinavyoozesha majeraha pia. Basi akatafuta dawa ya kuviua. Alisikia kuwa katika mji wa Carlisle watu walitia asidi ya kaboliki katika maji machafu ili kuondoa harufu. Akaamua kuijaribu.

Mwezi Agosti mwaka huohuo aliletewa mvulana wa miaka 11, James Greenlees. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limempita mguuni. Mfupa ulivunjika na ngozi ikapasuka. Siku hizo mguu wa namna hiyo mara nyingi ulikatwa, na wengi walikufa. Lister hakuukata. Alitia asidi ya kaboliki katika jeraha, akalifunika kwa kitambaa chenye dawa hiyo, akaufunga mguu kwa vibao. Siku ya nne alifungua. Hapakuwa na usaha! Baada ya wiki 6 mfupa uliunga, na mtoto akapona.

Lister aliweka hesabu. Kabla ya kutumia njia hii, kati ya wagonjwa wake 35 waliokatwa mkono au mguu, walikufa 16. Baadaye, kati ya wagonjwa 40, walikufa 6 tu.

Madaktari wengi hawakumwamini upesi. Lister hakukata tamaa, na pia hakuona haya kujirekebisha. Kwa miaka mingi alinyunyiza dawa hewani wakati wa kupasua. Alipotambua kuwa haina faida, aliacha, na mwaka 1890 alikiri mbele ya madaktari wenzake. Alifariki tarehe 10 Februari, 1912, akiwa na umri wa miaka 84.

Leo asidi ya kaboliki haitiwi tena katika vidonda, kwa sababu huunguza. Lakini fundisho la Lister limebaki. Madaktari hunawa mikono vizuri, huvaa glavu, na vyombo vyao husafishwa kwa mvuke wa moto ili kuua vijidudu.

Nawe, ndugu msomaji, una kazi yako. Ukijikata kwa jembe au panga, nawa mikono kwanza. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Lifunike kwa kitambaa safi. Usitie majivu wala mavi ya ng'ombe. Jeraha likiwa kubwa, au likianza kuvimba na kutoa usaha, nenda zahanati mapema.

Maswali
1. Kwa nini wagonjwa wengi walikufa baada ya kupasuliwa?
2. Lister alifanya nini ili kuuponya mguu wa James?
3. Hapa kijijini watu hutia nini katika majeraha? Jadilianeni darasani.