Frederick Griffith: Mtumishi wa Umma Aliyefungua Njia ya Elimu ya Vinasaba

Mwanzoni mwa karne ya 20, nimonia ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoua watu wengi nchini Uingereza, na janga la mafua la mwaka 1918 lilizidisha msiba huo. Dawa za viuavijasumu zilikuwa bado hazijapatikana. Miongoni mwa waliokabidhiwa kazi ya kuchunguza chanzo cha maradhi hayo alikuwa Dkt. Frederick Griffith, mtumishi wa Wizara ya Afya katika maabara yake jijini London.

Griffith alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Liverpool, kisha akashiriki utafiti wa kifua kikuu chini ya tume ya serikali. Alikuwa mtu mkimya, asiyependa majukwaa, na kwa miaka mingi alipokea makohozi ya wagonjwa na kuainisha bakteria waliomo.

Ilikwisha kufahamika kuwa bakteria wa nimonia, ingawa ni wa jamii moja, wamegawanyika katika aina mbalimbali, na kwamba kinga dhidi ya aina moja haimlindi mtu dhidi ya nyingine. Griffith aliona jambo la kushangaza zaidi: mgonjwa mmoja aliweza kuwa na aina kadhaa kwa wakati mmoja. Je, aliambukizwa zote kutoka nje, au bakteria hubadilika wakiwa mwilini?

Katika kutafuta jibu, alitumia panya na bakteria wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa na ganda la utelezi linalowakinga dhidi ya chembe za ulinzi za mwili, nao waliua. Wa pili hawakuwa na ganda, wala hawakudhuru. Bakteria wenye ganda walipouawa kwa joto, nao hawakudhuru. Lakini mizoga hiyo ilipochanganywa na bakteria hai wasio na ganda, panya walikufa, na katika damu yao wakapatikana bakteria hai wenye ganda la aina ileile ya waliouawa. Walio hai walikuwa wamerithi sifa kutoka kwa wafu, na uzao wao ukaendelea kuwa nayo.

Matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1928, yalipokewa kwa mashaka na baadhi ya wataalamu, hadi maabara za Ujerumani na Marekani ziliporudia jaribio na kuyathibitisha. Mwaka 1944, Oswald Avery na wenzake jijini New York walibaini kuwa kilichohamisha sifa hiyo ni DNA. Griffith hakuishi kuliona jibu hilo. Aliuawa mwaka 1941, London iliposhambuliwa kwa mabomu ya ndege za Ujerumani.

Leo inajulikana kuwa bakteria wa jamii moja hupokeana vinasaba, vikiwemo vinavyowapa usugu dhidi ya dawa na vinavyobadili ganda lao. Chanjo ya nimonia wanayopewa watoto wachanga Tanzania na Kenya hulenga aina maalumu za ganda, si bakteria wote wa jamii hiyo. Kwa sababu hiyo, kazi ya kukusanya sampuli na kuziainisha, aliyoifanya Griffith kwa subira, ingali ikihitajika kila chanjo inapotolewa, ili ifahamike ni aina zipi zimepungua na zipi zinazochukua nafasi yake.