Niels Finsen: Tabibu mgonjwa aliyeifanya nuru kuwa dawa

JUA linaloivisha mananasi ya Thika na kahawa ya Ruiru ni neema ambayo wenyeji huikimbia kivulini. Niels Ryberg Finsen hakujaliwa neema hiyo. Alizaliwa Desemba 15, 1860 mjini Tórshavn, katika visiwa vya Faroe vilivyo chini ya Denmark, ambako mawingu na mvua hutawala sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, ni yeye aliyeuthibitishia ulimwengu kwamba nuru inaweza kutibu.

Utotoni hakuonyesha dalili za ukuu. Walimu wake nchini Denmark walimwona kuwa mzito wa kuelewa, naye akahamishiwa shule ya Reykjavik, Iceland, kwenye asili ya ukoo wao. Alihitimu udaktari jijini Copenhagen mwaka wa 1890.

Kufikia wakati huo, maradhi yalikuwa yamekwisha kumvamia. Utando unaozunguka moyo wake na ini lake viliathirika, na tumbo likawa likijaa maji. Kwa kuwa makao yake hayakupata jua la kutosha, alitambua kwamba kila alipoota jua, nguvu zilimrejea. Akaanza kuitafuta siri ya jambo hilo.

Siku hizo, Ulaya ilisumbuliwa na kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokula pua, midomo na mashavu hadi waathiriwa wakajificha wasionekane na watu. Mwaka wa 1895, Finsen alianza kumtibu mhandisi mmoja kwa mwanga mkali wa taa ya umeme, na baada ya miezi kadhaa vidonda vikapungua sana. Mwaka uliofuata taasisi yake ilifunguliwa Copenhagen, na kufikia 1901 wagonjwa zaidi ya 800 walikuwa wametibiwa.

Aidha, Finsen aligundua kuwa damu huzuia mwanga kupenya. Kwa hivyo wauguzi waliikandamiza ngozi ya mgonjwa kwa lenzi iliyopozwa kwa maji, ili damu isogee kando na miale ifike ndani.

Mwaka wa 1903 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba, lakini hakuweza kusafiri kuipokea kwani alikuwa akitembezwa kwa kiti cha magurudumu. Sehemu kubwa ya fedha hizo aliitoa kwa ajili ya wagonjwa. Miaka yake ya mwisho aliutumia mwili wake mwenyewe kama kitabu cha utafiti, akipima chumvi na maji aliyotumia kila siku. Aliaga dunia Septemba 24, 1904 akiwa na umri wa miaka 43. Nuru iliyowaponya wengine haikumwokoa yeye.

Kuja kwa dawa za kuua bakteria katikati ya karne ya 20 kuliziweka kando taa zake. Mnamo 2005, watafiti wa Denmark walizichunguza upya, wakabaini kuwa lenzi zilizuia sehemu kubwa ya miale iliyodhaniwa kuua viini. Maelezo yao ni kwamba bakteria hao hubeba kemikali iitwayo pofirini, ambayo ikipigwa na mwanga huzalisha oksijeni kali inayowaangamiza.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa tiba ya kisasa ya dawa zinazoamshwa na mwanga. Nchini China, madaktari huitumia kutibu alama nyekundu za kuzaliwa zinazotokana na mishipa midogo ya damu iliyopanuka. Dawa huingizwa mshipani, kisha alama humulikwa. Damu ambayo Finsen aliifukuza sasa ndiyo inayobeba tiba.

Naye mzazi wa Thika au Ruiru ambaye mwanawe mchanga mwenye manjano amelazwa chini ya taa ya buluu hospitalini, anashuhudia tawi jingine la elimu ile ile ambayo mgonjwa wa Copenhagen aliipa heshima.