Julia Margaret Cameron, Mpiga Picha wa Banda la Kuku

Mhariri ameniomba niwaandikie vijana wenye hamu ya kupiga picha za watu. Nimemchagua Bibi Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyezaliwa Calcutta, India, mwaka 1815. Sababu yangu moja ni ya binafsi: alipata kamera yake ya kwanza mwishoni mwa 1863, zawadi ya binti yake na mkwewe, akiwa na umri wa miaka 48. Wahitimu wenzangu, umri huo sisi hatujaufikia.

Aliishi Freshwater, katika Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Stoo ya makaa aliigeuza chumba cha giza, na banda la kuku akalifanya studio. Kazi yenyewe ilikuwa ya sulubu. Kioo kilipakwa dawa, na ilibidi picha ipigwe na kusafishwa dawa ingali mbichi. Ikikauka, basi tena. Aliyepigwa picha alikaa dakika kadhaa bila kutikisika. Ninyi mnaopiga picha mia kwa simu mnazozificha bwenini, hebu fikirini hapo! Naamini taabu hiyo ndiyo iliyomzoesha kumtazama mtu sawasawa kwanza.

Wakubwa walikaa mbele ya lenzi yake: mshairi Tennyson, jirani yake, mtaalamu wa nyota John Herschel, mwaka 1867, Charles Darwin, mwaka 1868. Lakini aliwapiga pia watumishi wake wa nyumbani, hasa Mary Hillier, aliyemvika mtandio akawa Bikira Maria. Uso wa mtumishi huyo aliusogelea na kuupa mwanga kwa heshima ile ile aliyompa Darwin. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko majina yote hayo.

Mafundi wa siku zile walimcheka. Walilalamika kuwa picha zake zina ukungu, na vioo vina mikwaruzo na alama za vidole. Mikwaruzo ilikuwepo kweli, tusimtetee kupita kiasi. Ukungu ulikuwa wa kusudi: aliizungusha lenzi mpaka uso ukampendeza, akaishia hapo, wala hakuendelea mpaka kila unywele uhesabike. Angewatii angesifiwa na chama chao. Hakuwatii. Jumba la Makumbusho la South Kensington, London, lilinunua picha zake mwaka 1865, kisha mwaka 1868 likampa vyumba viwili vya kufanyia kazi.

Mwaka 1875 alihamia Ceylon, Sri Lanka ya leo, ambako mumewe alikuwa na mashamba ya kahawa. Huko aliwapiga picha wenyeji na vibarua wa mashambani, mpaka alipofariki Januari 1879. Picha za miaka hiyo zilizosalia ni chache.