SANADA NOBUYUKI: KAKA ALIYELILINDA JINA LA UKOO

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Zamani huko Japani, ukoo wa Sanada ulikuwa nyasi hasa: ukoo mdogo wa samurai, yaani wapiganaji, uliozungukwa na majirani wakubwa.

Nobuyuki alizaliwa mwaka wa 1566. Babake, Masayuki, alikuwa bwana wa ngome ya Ueda. Mdogo wake, Nobushige, ndiye yule hadithi zinamwita Yukimura. Bendera yao ilikuwa na sarafu sita, nauli ya maiti ya kuvukia mto wa kuzimu. Yaani walienda vitani nauli wakiwa nayo tayari!

Mwaka wa 1600 nchi iligawanyika kati ya Tokugawa Ieyasu na Ishida Mitsunari. Baba na wanawe wakashauriana mahali paitwapo Inubushi. Mkewe Nobuyuki alikuwa binti wa jemadari wa Tokugawa, naye baba mkwe wa Nobushige alikuwa rafiki wa Ishida. Basi wakaachana papo hapo: Nobuyuki kwa Tokugawa, baba na mdogo wake kwa Ishida.

Tokugawa akashinda. Baba na Nobushige walistahili kuuawa, lakini Nobuyuki na baba mkwe wake wakawaombea, wakapelekwa uhamishoni Kudoyama. Nobuyuki akabadili herufi aliyorithi kwa babake katika jina lake, ila matamshi yakabaki yale yale. Kumbe moyo haukubadilika!

Baba alifariki mwaka wa 1611. Mwaka wa 1614 Nobushige alitoka uhamishoni, akaingia ngome ya Osaka kupigana na Tokugawa. Nobuyuki alikuwa mgonjwa, akawatuma wanawe wawili upande wa Tokugawa. Lo! Watoto dhidi ya ami yao! Nobushige aliuawa mwaka wa 1615.

Mwaka wa 1622 Nobuyuki alihamishiwa Matsushiro. Alifariki mwaka wa 1658, akiwa na zaidi ya miaka 90. Tawi la Numata lilinyang'anywa ardhi mwaka wa 1681, lakini la Matsushiro lilitawala mpaka 1871. Hata mtoto wa Nobushige alilelewa Shiroishi na ukoo uliopigana na babake, likatokea tawi jingine.

Wengi humsifu Nobushige aliyekufa kishujaa. Lakini ndugu msomaji, bila kaka aliyebaki, nani angelibeba jina la Sanada?