Rais aliyekufa kabla kidonge hakijafika

Ukichoka kumeza dawa ya kutoa maji mwilini, mkumbuke Franklin Roosevelt. Alizaliwa mwaka 1882, akawa Rais wa Marekani mwaka 1933.

Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimkuta na presha ya 186 kwa 108, moyo umetanuka na unashindwa kusukuma damu. Alimpa dawa ya moyo na kumpunguzia chumvi. Kidonge kizuri cha kushusha presha hakikuwapo. Aprili 12, 1945, mshipa ulipasuka kwenye ubongo, akafariki siku hiyo akiwa na miaka 63.

Dawa za kundi la thiazaidi zilianza kuuzwa mwaka 1958. Figo huchuja chumvi na maji, kisha hurudisha sehemu kubwa kwenye damu. Thiazaidi huzuia chumvi kurudi karibu na mwisho wa mirija ya figo. Maji huifuata, presha hushuka. Furosemaidi huizuia mapema zaidi, mrija unapopinda, hivyo mkojo huwa mwingi. Huwafaa waliovimba miguu kwa ugonjwa wa moyo. Zote mbili hupunguza potasiamu mwilini. Spironolaktoni, mwishoni kabisa mwa mrija, huibakiza, hata inaweza kuzidi.

Kwa hiyo usitumie dawa ya jirani, wala usiache yako kwa kuchoshwa na safari za chooni. Mweleze daktari wako. Mara nyingi kuimeza asubuhi husaidia. Nenda ukapime figo na potasiamu kila unapoagizwa. Roosevelt hakuwa na nafasi hiyo, wewe unayo.