George Eastman: Karani aliyewatua wapiga picha mzigo wa vioo

KABLA ya kamera za simu, jina Kodak lilifahamika hata vijijini ambako hapakuwa na studio. Aliyelibuni ni George Eastman, aliyezaliwa Julai 12, 1854 katika jimbo la New York, Marekani.

Baba yake alifariki George angali mtoto, naye akaacha shule mapema ili amsaidie mama mjane. Mnamo 1877, akiwa karani wa benki mjini Rochester, alinunua kamera. Enzi hizo mpiga picha alipaka kioo dawa, akakitumia kingali kimelowa na kukisafisha papo hapo. Hivyo, kila alikokwenda alibeba hema la giza na chupa za kemikali.

Eastman alisoma kuwa Waingereza walitumia jeletini kushikilia chumvi za fedha juu ya kioo kikavu. Usiku, baada ya kazi, alichemsha michanganyiko jikoni mwa mama yake hadi usingizi ukamshika papo hapo sakafuni. Mnamo 1881 alianzisha kampuni ya kuuza vioo hivyo pamoja na Henry Strong.

Mwaka uliofuata balaa likabisha. Vioo vilivyokuwa madukani vilipoteza uwezo wa kunasa mwanga. Angeweza kuwasingizia wenye maduka. Badala yake alivirejesha vyote na kuwapa wateja vingine, hasara iliyokaribia kuizamisha kampuni hiyo changa. Alijaribu mamia ya michanganyiko asifue dafu. Baada ya safari ya Uingereza ilibainika kuwa kasoro ilikuwa katika jeletini aliyouziwa. Tangu hapo hakununua malighafi bila kuipima kwanza.

Jeletini hutokana na ngozi na mifupa ya mifugo. Mnamo 1925, Samuel Sheppard, mwanakemia wa kampuni hiyo, alitangaza kuwa chembechembe za salfa, zitokanazo na mimea kama haradali waliyokula ng'ombe, ndizo huongeza wepesi wa filamu kuhisi mwanga. Ajabu ni kwamba picha nzuri ilianzia malishoni!

Kamera yake ya 1888 iliuzwa dola 25 ikiwa na ukanda wa picha 100, na kusafishwa kukafanyiwa kiwandani. Wapiga picha wa studio, hata hivyo, walishikilia vioo hadi kampuni ilipotoa filamu ya vipande bapa mnamo 1913, nyepesi na isiyovunjika.

Mnamo 1926, akiwa na zaidi ya miaka 70, alizuru Kenya kuwinda na kunasa wanyama kwa kamera ya sinema, pamoja na Martin na Osa Johnson.

Hakuoa, na mali yake nyingi aliwagawia wengine, hasa vyuo. Maradhi ya uti wa mgongo yalipomzidi, alijitoa uhai nyumbani kwake Rochester mnamo Machi 14, 1932.